Kwa nini mwenye hoja nzito hushindwa na mwenye kisa kimoja?

#1 Kalamu_Kavu
Wakuu, salaam. Nina dai, nipeni ya uso.

Kila anayefundisha balagha, yaani sanaa ya kushawishi kwa maneno, anaanza na utatu wa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale: logosi, yaani hoja yenyewe, ethosi, yaani namna msemaji anavyoonekana kwa wanaomsikiliza, na pathosi, yaani hisia anazoziamsha. Halafu mwanafunzi anaambiwa ajenge logosi kwanza, hizo mbili ni chumvi tu. Mimi nadai ni kinyume. Mantiki haimshawishi mtu ambaye hajataka kushawishika. Angalieni mdahalo wowote: upande mmoja una takwimu, mifano na hitimisho linalofuata barabara, upande wa pili una msemaji mwenye sauti tulivu na kisa kimoja cha mtoto mmoja. Kura zikihesabiwa, kisa kimeshinda.

Kosa liko wapi: kwenye hoja, kwa msemaji au kwa wasikilizaji? Na mtu asije kuniambia "inategemea".

#2 Mpiga_Zumari
Inategemea.

#3 BintiMantiki
@Kalamu_Kavu umeuliza vizuri ila umechanganya mambo mawili: hoja kuwa sahihi, na hoja kushika. Hoja inaweza kuwa sahihi kabisa na isishike popote, kwa sababu imesimama juu ya kauli ambayo msikilizaji hajawahi kuikubali.

Ndiyo maana Aristotle hakusema msemaji atumie mantiki ya darasani yenye kauli tangulizi zote mezani. Alisema atumie entimema. Wengi wanaielezea kama "hoja iliyoachwa kipande", wakaishia hapo. Kinachofanya kazi ni kwamba kipande kilichoachwa anakijaza msikilizaji mwenyewe, kwa kitu anachokiamini tayari. Mfano wake mwenyewe: ukitaka kusema Dorieus ameshinda mashindano ambayo zawadi yake ni taji, inatosha kusema ameshinda Olimpia. Taji huna haja ya kulitaja, kila mtu analijua.

Sasa geuza upande wa pili. Ukiacha kipande ambacho msikilizaji HANA, hoja inakatika katikati na wewe hujui. Unaona uso umetulia, unadhani amekuelewa. Mwenye takwimu kwenye mfano wako alishindwa hapo: alidhani wote ukumbini wanakubali kwamba wingi ndio kipimo. Mwenye kisa alisimama juu ya "mtoto asiumie", kauli isiyohitaji kuletewa ushahidi. Kwa hiyo kisa nacho kilikuwa hoja. Tena fupi.

#4 Kipaza
Mnahangaika bure na logosi. Ilishathibitishwa kisayansi kwamba 93% ya mawasiliano siyo maneno. Maneno ni 7% tu, sauti 38%, uso na mwili 55%. Yule mwenye "sauti tulivu" alishamaliza kazi kabla hajafungua daftari.

#5 Daftari
@Kipaza hapo umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Namba hizo zilitoka kwa mwanasaikolojia Albert Mehrabian, tafiti mbili za 1967. Watu walisikilizishwa neno mojamoja likitamkwa kwa sauti tofauti, wengine wakaonyeshwa na picha za nyuso, kisha wakaulizwa msemaji ana hisia gani kwa anayezungumza naye. Namba zinahusu hali moja tu: mtu anaeleza anavyojisikia, huku maneno yanasema hivi na sauti au uso unasema vile. Hapo watu huamini uso. Hazihusu hotuba, mdahalo wala maelekezo ya kazi, na mwenye utafiti mwenyewe alishalisema hilo.

Kipimo rahisi: kama maneno ni 7%, basi kaangalie filamu ya lugha usiyoijua uje utusimulie 93% ya yaliyozungumzwa.

#6 Kipaza
Nimechemka, asante. Ila sauti inabaki kuwa muhimu, siondoi.

#7 Fundi_Hotuba
Hakuna aliyesema siyo muhimu. Nirudi #1. Mkuu unadhani unampinga Aristotle, kumbe yuko upande wako. Kitabu cha kwanza cha *Balagha*, sura ya 2, anasema tabia ya msemaji ndiyo karibu uthibitisho wenye nguvu kuliko zote. Na anaongeza sharti ambalo wengi hulisahau: imani hiyo lazima itokane na hotuba yenyewe, isitokane na sifa uliyokuja nayo mlangoni. Kwa hiyo cheo chako na vyeti vyako siyo ethosi kwa maana yake.

Inajengwaje ndani ya hotuba? Kitabu cha pili anataja vitu vitatu: busara, uadilifu na nia njema kwa msikilizaji. Kwa vitendo:

Busara: taja kikwazo kigumu kuliko vyote cha pendekezo lako kabla mpinzani hajakitaja. Anayejua udhaifu wa mpango wake anaonekana ameufikiria.
Uadilifu: kubali jambo moja la kweli la upande wa pili, bila "lakini" kwenye sentensi hiyohiyo. Weka nukta. Pumua. Ndipo uendelee.
Nia njema: onyesha unajua gharama atakayoibeba msikilizaji akikubaliana nawe. Wengi hutangaza faida tu, na msikilizaji anaanza kujihesabia gharama peke yake huku wewe unaendelea kuongea. Hapo umempoteza.

#8 BintiMantiki
@Fundi_Hotuba nakubali ulivyonukuu, ila soma na mwanzo wa kitabu hichohicho. Sura ya 1 anawalaumu waandishi waliomtangulia kwa kushughulika na hisia za mahakimu na kuiacha entimema, ambayo anaiita mwili wa uthibitisho. Sasa upi mkubwa, mwili au tabia? Wasomi wanavutana hapo mpaka leo. Mimi nasimama na mwili, maana hivyo vitatu ulivyovitaja vyote vinaonekana kupitia hoja. Busara utaionyeshaje bila hoja?

#9 Fundi_Hotuba
Kwa kunyamaza mahali panapostahili 😀

#10 Mlezi_wa_Mdahalo
Wote mnamwangalia msemaji. Mwangalieni msikilizaji, jibu liko huko.

Richard Petty, John Cacioppo na Rachel Goldman walichapisha jaribio 1981. Wanafunzi wa chuo walisikilizishwa pendekezo la kuweka mtihani mkubwa kabla ya kuhitimu. Nusu waliambiwa unaanza mwakani, maana yake unawagusa wao. Nusu waliambiwa unaanza baada ya miaka 10. Kisha wengine wakapewa hoja nzito, wengine hoja dhaifu. Wengine wakaambiwa zimetoka kwa jopo la wataalamu, wengine zimetoka kwa darasa la sekondari.

Waliohusika walipima ubora wa hoja, aliyezitoa hakuwabadilisha sana. Wasiohusika walifanya kinyume: walimwangalia nani kasema, uzito wa hoja ukawapita pembeni.

Kwa hiyo @Kalamu_Kavu, swali lako limekosa kipande: wasikilizaji wa mdahalo wako walikuwa na cha kupoteza? Kama hakuna aliyeguswa na mada, mwenye takwimu alikuwa anamimina maji kwenye gunia. Alitakiwa atumie dakika ya kwanza kuwaonyesha inawagusa vipi, ndipo atoe hoja.

Na onyo: ukiwafanya waone inawahusu, wataanza kukupima. Hoja zako zikiwa dhaifu umejichimbia kaburi. Petty na Cacioppo walirudi 1984 na hoja 3 dhidi ya 9. Kwa wasiohusika, 9 zilishawishi zaidi hata zikiwa dhaifu, wingi wenyewe ulitosha. Kwa waliohusika, kuongeza hoja dhaifu kuliwasukuma mbali.

#11 Kalamu_Kavu
Hii #10 imenigusa. Swali la vitendo basi: nikiwa na hoja 5, mbili kali, moja ya kati, mbili za kuungaunga, nizipange vipi?

#12 Fundi_Hotuba
Mbili za kuungaunga zitupe. Mpinzani mzoefu hashambulii hoja yako kali, anaokota dhaifu, anaivunja mbele ya watu, kisha anasema "na nyingine ni za namna hii hii". Hoja dhaifu siyo sifuri, ni hasi.

Tatu zilizobaki zipange kwa mpangilio ambao Quintilian, mwalimu wa balagha wa Roma ya kale, anautaja kwa jina la mshairi Homer: kali mwanzoni, kali mwishoni, ya kati katikati. Kwenye *Iliadi*, utenzi wa Homer, mzee Nestor anapanga jeshi hivyo hivyo, waoga anawaweka katikati ili wapigane hata kama hawataki. Ya mwisho iwe ile unayotaka waondoke nayo mlangoni. Mpangilio wa kutoka kali kwenda dhaifu, Quintilian aliukataa waziwazi.

Kosa la kawaida ni mtu kuficha hoja kali mpaka mwisho "iwe mshangao", muda unaisha, mwenyekiti anagonga kengele.

#13 Mwana_wa_Kamati
Nimesoma yote. Hakuna aliyegusa kinachovuruga midahalo mingi: pande mbili hazibishani juu ya kitu kimoja. Hermagoras wa Temnos, mwalimu wa balagha Myunani wa karne ya 2 K.K., aliligawa hili vizuri. Kabla ya kutafuta hoja, tafuta ubishi umesimama wapi. Vituo viko vinne. Chukua shutuma moja, "umeiba kitabu":

"Sikukichukua." Ubishi ni kama jambo limetokea.
"Nilikichukua, ila niliazima." Ubishi ni jina la jambo.
"Nilikichukua bila ruhusa, ila kilikuwa kinaloa mvua." Ubishi ni uzito wake, kama kuna sababu ya kusamehewa.
"Kamati hii haina mamlaka ya kunihukumu." Ubishi ni kama hapa ndipo pa kulijadili.

Sasa mshtaki akileta mashahidi 6 kuthibitisha kitabu kilichukuliwa, na mshtakiwa yuko kituo cha pili, mashahidi wote 6 hawana kazi. Hoja zao ni sahihi kabisa na hazijibu chochote. Mwenye takwimu wa #1 alikuwa kituo cha kwanza ("tatizo lipo, hizi hapa namba") wakati ukumbi ulishahamia cha tatu ("tunalijua lipo, nani anaumia?"). Kisa kilijibu swali lililokuwa hewani. Msilaumu mantiki wala hisia, aliyeshindwa alikosea kituo.

#14 BintiMantiki
Hii nzuri. Ingawa ni #3 yangu imevaa kanzu.

#15 Mwana_wa_Kamati
Hapana dada. Wewe unasema kauli iliyoachwa haipo kichwani mwa msikilizaji. Mimi nasema hata ingekuwepo, swali lenyewe siyo hilo.

#16 Mpiga_Zumari
Naleta kiburudisho. Balagha ya Wayunani inasemwa ilianzia Sirakusa, mji wao kisiwani Sicily, karne ya 5 K.K., kwa Corax na mwanafunzi wake Tisias. Hadithi inasema Tisias aligoma kulipa ada. Mahakamani akasema: "Nikishinda silipi, maana nimeshinda. Nikishindwa silipi pia, maana itakuwa hukunifundisha kitu." Corax akamgeuzia: "Nikishinda unalipa, maana nimeshinda. Nikishindwa unalipa pia, maana nimekufundisha hadi ukanishinda." Mahakimu wakawafukuza wote wakisema kunguru mbaya, yai baya. Corax kwa Kiyunani ni kunguru.

#17 Daftari
Hadithi hiyohiyo inasimuliwa pia kwa Protagoras, mwalimu mwingine wa Kiyunani, na mwanafunzi wake Euathlus, kwa masharti yaliyo wazi zaidi: nusu ya ada mwanzoni, nusu siku atakayoshinda kesi yake ya kwanza. Euathlus akakaa tu bila kuchukua kesi. Protagoras akamshtaki. Wanasheria wana jibu: mahakama imwachie mwanafunzi mara ya kwanza, kwa kuwa sharti halijatimia. Papo hapo limetimia, kashinda kesi. Mwalimu afungue ya pili, achukue chake.

#18 Mpiga_Zumari
Umeua utamu wa hadithi kwa hati ya madai.

#19 Hesabu_Kidogo
Turudi kwenye takwimu, maana #1 anazisema kana kwamba ni logosi safi. Namba hubeba hisia kuliko hata kisa.

Uingereza, 1995, lilitolewa onyo kwamba vidonge fulani vipya vya uzazi wa mpango vinaongeza hatari ya damu kuganda kwa 100%. Wanawake wengi wakaviacha, mimba zisizotarajiwa na utoaji mimba vikaongezeka. Namba yenyewe: kutoka mwanamke 1 kati ya 7,000 hadi 2 kati ya 7,000. "Imeongezeka maradufu" ni kweli. "Ameongezeka mtu mmoja kati ya elfu saba" ni kweli vilevile. Ya kwanza inatisha, ya pili inafikirisha.

Ukitaka kutumia namba kwa uaminifu, na bado ishike: sema idadi ya watu, siyo asilimia tupu, chini ya mstari iwe namba ileile kwa pande zote mbili (usiseme 1 kati ya 50 halafu 3 kati ya 1,000), na taja hali ilivyokuwa kabla. Mpinzani akikurushia asilimia, swali ni moja tu: "asilimia ya nini?" Mara nyingi hana jibu.

#20 Kipaza
Na ile kesi ya Sally Clark, Uingereza hukohuko. 1999 alihukumiwa kwa kuua watoto wake wawili wachanga, baada ya mtaalamu kusema uwezekano wa vifo viwili vya ghafla katika familia kama ile ni 1 kati ya milioni 73. 2003 akaachiwa kwa sababu hesabu ilikuwa mbovu. Safari hii sijachemka.

#21 Hesabu_Kidogo
Nusu hujachemka. Hesabu ilikuwa mbovu kweli: walichukua 1 kati ya 8,543 wakaizidisha kwa yenyewe, kana kwamba kifo cha kwanza na cha pili katika familia moja havina uhusiano. Chama cha Kifalme cha Takwimu kilipinga hadharani 2001. Lakini rufaa ya 2003 ilifaulu hasa kwa sababu majibu ya vipimo vya maabara ya mtoto mmoja hayakuwa yametolewa kwa upande wa utetezi. Majaji waliikosoa takwimu ile pia.

Kosa la pili ndilo linalorudiwa mpaka leo: "tukio hili ni nadra mno" haina maana ya "mshtakiwa ana hatia". Mama kuua watoto wawili nako ni nadra mno. Unalinganisha nadra na nadra.

#22 Kalamu_Kavu
@Fundi_Hotuba umesema #7 nitaje udhaifu wangu mwenyewe. Siyo kumpa mpinzani panga?

#23 Mlezi_wa_Mdahalo
Naomba nijibu mimi. Mwanasaikolojia Carl Hovland na wenzake walilipima hili kwa askari wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakachapisha 1949. Ujumbe wa upande mmoja ulifanya kazi vizuri kwa waliokuwa wanakubali tayari. Ujumbe wa pande mbili ulifanya kazi kwa waliokuwa wanapinga, na kwa wenye elimu zaidi.

Ila tafiti nyingi za baadaye zilipokusanywa pamoja likaonekana jambo ambalo walimu wengi hawalisemi: kutaja hoja ya mpinzani BILA kuijibu ni vibaya kuliko kutoitaja kabisa. Kuitaja na kuivunja ndiko kunakoshinda. Kwa hiyo ile nukta na kupumua kwa Fundi ni sawa, mradi baada ya kupumua jibu lije. Ukipumua ukaendelea na mada nyingine, panga umelitoa.

#24 Fundi_Hotuba
Sipingi. Kukubali jambo dogo la kweli na kujibu pingamizi kubwa ni kazi mbili tofauti.

#25 Msoma_Kimya
Samahani wakubwa, nafuatilia tu. Kuna mtu anaweza kutuvunjia hoja moja mbele yetu, kipande kwa kipande? Tuseme: "Maktaba ya chuo ifungwe saa nne usiku badala ya saa mbili, kwa sababu ikifika saa kumi na mbili jioni viti vyote 80 vimejaa."

#26 BintiMantiki
Umeniletea ya kuchezea. Natumia vipande sita vya hoja vya mwanafalsafa Stephen Toulmin, 1958.

Dai: muda uongezwe hadi saa nne.
Ushahidi: viti 80 hujaa saa kumi na mbili jioni.
Daraja linalounganisha ushahidi na dai, ambalo hukulisema: viti vikijaa jioni, ni dalili kwamba watu wangebaki usiku.
Nguzo ya daraja, yaani kinachothibitisha kwamba daraja ni kweli: tupu. Hujaleta chochote.
Kadiri ya uhakika: hukuweka. Umesema "ifungwe" kama amri.
Isipokuwa: hukutaja lini dai lisingesimama.

Ukishambulia ushahidi unapoteza muda, viti vimejaa kweli, kila mtu ameviona. Shambulia daraja. Huenda wamejaa saa kumi na mbili kwa sababu vipindi vinaisha saa kumi na moja, ifikapo saa moja na nusu wametawanyika. Hapo dai limeanguka na ushahidi umebaki mzima.

Kuitengeneza ni rahisi: hesabu waliopo saa mbili kasoro dakika tano, siku za kawaida, nje ya msimu wa mitihani, wiki mbili mfululizo. Kisha: "Wiki mbili nje ya mitihani, tulikuta zaidi ya nusu ya viti vina watu dakika tano kabla ya kufunga. Tunaomba majaribio ya mwezi mmoja hadi saa nne, na kama waliobaki hawafiki robo, turudi saa mbili." Kadiri imeingia, isipokuwa imeingia, na aliyetaka kukataa amebakiwa na ugumu wa kukataa majaribio.

#27 Mwana_wa_Kamati
Safi. Halafu mkuu wa maktaba anasema "ratiba hupangwa na seneti ya chuo, siyo mimi". Kituo cha nne. Wiki mbili za kuhesabu viti zimekwenda na maji.

#28 Kipaza
Mbona hakuna aliyetaja takriri, yaani kurudia maneno yaleyale? Hotuba ya Martin Luther King, Agosti 28, 1963, inakumbukwa kwa "nina ndoto" kurudiwarudiwa, siyo kwa hoja.

#29 Daftari
Inakumbukwa hivyo, ila isome yote. Sehemu ya ndoto haikuwemo kwenye maandishi aliyopanda nayo. Sehemu ya mwanzo aliyoiandika ni hoja ya deni: taifa lilitoa ahadi kwa maandishi, raia weusi wamekwenda kuchukua, hundi imerudi haina fedha. Imejengwa kwa entimema ya @BintiMantiki, kila msikilizaji anajua hundi mbovu ni nini na nani mwenye makosa. Ndoto ilikuja juu ya msingi uliokwisha kumwagwa.

#30 Mlezi_wa_Mdahalo
Takriri ina upande mbaya pia. Lynn Hasher, David Goldstein na Thomas Toppino, 1977: watu walipewa kauli 60 kwa vikao vitatu, wiki mbili baina ya kikao na kikao, baadhi zikirudiwa. Zilizorudiwa zikapanda kwa kuaminika, za kweli na za uongo sawasawa. Ukijibu uongo, usianze kwa kuurudia neno kwa neno. Anza na lililo kweli, utaje uongo mara moja, umalizie na lililo kweli.

#31 Kalamu_Kavu
Nahesabu: Binti anasema kauli iliyoachwa, Fundi anasema tabia, Mlezi anasema wasikilizaji hawakuguswa, Mwana_wa_Kamati anasema kituo, Hesabu anasema hata takwimu zangu zilikuwa hisia. Mimi bado nasema hawakutaka kushawishika, na hakuna aliyeniondoa hapo.

#32 Hesabu_Kidogo
Hutaki kushawishika.

#33 Mpiga_Zumari
😀😀 Ushahidi namba moja wa dai lake ni yeye mwenyewe.

#34 Msoma_Kimya
Asanteni kwa ya maktaba. Swali moja @BintiMantiki: robo ya viti 80 ni 20. Wakibaki 19?

#35 BintiMantiki
Hapo sasa tumerudi kwa Hermagoras: "kubaki" ni nini, na aliyelala juu ya kitabu anahesabiwa?